Usilipie Rangi Kabla Ukuta Haujakauka: Kuvu Nyumbani Baada ya Mafuriko ya Tana

Ukimwambia mtu wa Nairobi kwamba nyumba ya Bura imeota kuvu, atacheka kwanza. Bura? Kule kwa jua na vumbi? Lakini aliyejenga karibu na Mto Tana anajua habari yake. Maji yanayomjazia sebule mara nyingi si ya mvua iliyonyesha kwake. Mvua inanyesha Mlima Kenya na Aberdare, inajaza mabwawa ya Seven Forks, Masinga ikifurika maji yanateremka, na siku chache baadaye watu wa Garissa, Bura na Hola wanaona mto ukipanda huku jua linawaka. Ilikuwa hivyo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998. Ikarudi 2018, ikarudi Novemba 2023, na tena Aprili na Mei 2024, wakati barabara ya Garissa kwenda Nairobi ilipokatika pale Kona Punda, watu wakavuka kwa mashua, na tarehe 28 Aprili mashua moja ikapinduka na kuua watu.

Maji yakishuka, watu hurudi nyumbani, iwe ni Bura Mashariki upande wa Fafi au Bura ya skimu ng'ambo ya mto, kaunti ya Tana River. Matope yanatolewa, nyumba inaoshwa. Wiki moja au mbili baadaye kunaanza harufu ya uvundo, kisha madoa meusi na ya kijani kwenye kona, nyuma ya kabati, chini ya dirisha. Hapo ndipo simu inapigwa kwa ndugu aliye Eastleigh, Mombasa au ng'ambo: "Nyumba imeharibika, tuma pesa ya rangi." Naye anatuma, kwa sababu ni mama, ni abti, ni nyumba aliyokulia.

Shida ni kwamba pesa ya kwanza imeenda kwa kitu kilichopaswa kuwa cha mwisho. Rangi inapakwa juu ya ukuta ulio na maji ndani. Inapendeza mwezi mmoja, halafu inavimba kama ngozi iliyoungua, inabanduka, na kuvu ile ile inatokea ikiwa imenona zaidi. Simu inapigwa tena.

Makala haya ni kwa ajili ya yule anayetuma na yule anayepokea. Tueleze kwanza kazi yenyewe, halafu jinsi ya kuilipia.

Kuvu ni dalili, maji ndiyo ugonjwa

Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, hata ndani ya nyumba safi kabisa. Huwezi kuzimaliza. Zinachongoja ni unyevu tu, na chakula kidogo: mbao, plaiwudi, kadibodi, vumbi, kitambaa, gundi. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya saa 24 hadi 48, kuvu inaweza kuanza kuota. Na joto letu linaisaidia. Kwa hivyo siku mbili za kwanza baada ya maji kutoka ndizo zenye thamani kuliko dawa yoyote utakayonunua baadaye.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake kuhusu unyevu na kuvu ndani ya nyumba mwaka 2009. Linasema watu wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu wana hatari zaidi ya kukohoa, kupumua kwa shida na kupata pumu. Wanaoumia zaidi ni watoto wadogo, wazee, wenye pumu tayari na wale ambao kinga yao ni dhaifu. Mtoto anayekohoa kila usiku kwenye chumba kimoja na kunyamaza akilala chumba kingine anakuonyesha ukuta wa kuangalia. Lakini mpeleke hospitali kwanza, ukuta utangoja.

Kabla hujamwita mtu, hakikisha ni kuvu kweli. Udongo wa sehemu nyingi za Bura una chumvi, na maji yakipanda ukutani kutoka chini yanabeba chumvi hiyo, kisha yanapokauka yanaacha unga mweupe juu ya plasta. Watu wengi huona unga huo wakasema kuvu, wakamwaga dawa bure. Jaribu hivi: nyunyizia maji kidogo. Chumvi itayeyuka na kupotea. Kuvu haiyeyuki, inapakaa tu. Vyote viwili vinakuambia ukuta una maji, lakini chumvi inakuambia zaidi, kwamba maji yanatoka chini ya msingi. Hapo hata ukiziba paa lote, hujafika kwenye shida.

Mtaalamu anafanya nini hasa

Nairobi na Mombasa kuna kampuni za usafi zinazofanya kazi ya kuondoa kuvu. Zina kipima unyevu cha kugusisha ukutani, mashine za kukausha hewa, feni kubwa, na mashine ya kufyonza vumbi yenye chujio laini sana. Bura utapata fundi wa nyumba, na mara nyingi anatosha kabisa, ila tu mwambie afuate mpango ule ule. Mpango ndio unaolipia, mashine ni msaada.

Mpango wenyewe unaanza na kutafuta maji yanakoingia. Fundi mzuri hafungui kopo lolote siku ya kwanza. Anazunguka nje, anaangalia mabati yaliyotoboka, gata iliyoziba au isiyokuwepo, tangi linalovuja, udongo uliorundikana ukapita usawa wa sakafu, maji ya bafu yanayomwagika karibu na msingi. Anauliza maji ya mafuriko yalifika wapi ukutani na yalikaa siku ngapi. Kama nyumba ni ya udongo, anagusa ukuta wa chini na kuangalia kama umelainika au umeinama, kwa sababu ukuta wa udongo uliokaa ndani ya maji unaweza kuanguka siku kadhaa baada ya maji kutoka. Kama kuna stima au sola, anazima kabla ya kugusa chochote kilicholowa. Fundi anayekuja na brashi mkononi na kuuliza unataka rangi gani, mpe chai tu.

Hatua inayofuata ni kutoa vitu vilivyokunywa maji. Hapa watu hugombana, kwa sababu vitu ni vya thamani. Kwenye nyumba nyingi za huku watu hukaa chini, juu ya zulia na mito ya kuegemea, na hivyo ndivyo vilivyolowa kwanza. Ukweli ni mchungu: godoro la sponji lililoingia maji ya mafuriko, maji yaliyopitia vyoo vya shimo, halifai kurudi kitandani. Mito iliyojazwa pamba au sponji, vivyo hivyo. Zulia jembamba linaloweza kuoshwa kwa sabuni na kuanikwa juani pande zote mbili hadi likauke kabisa, unaweza kuliokoa. Plaiwudi na dari ya jipsamu iliyovimba, ng'oa. Nguo, vyombo vya chuma, plastiki na udongo uliochomwa, osha, anika, endelea na maisha.

Chakula nacho kiangaliwe. Gunia la mahindi lililokaa kwenye chumba chenye unyevu linaweza kuwa na sumu ya aflatoksini hata kama punje nyingi zinaonekana sawa, na kupika hakuiondoi. Mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Mahindi yaliyoota kuvu usiyale, na usiyape mbuzi au kuku pia.

Jaribio la nailoni

Baada ya hapo ni kukausha, na hii ndiyo sehemu ambayo watu hawana subira nayo. Ukuta wa matofali ya simiti uliokaa majini siku kadhaa unaweza kuchukua wiki nyingi kukauka hadi ndani, hata miezi. Juu utauona mweupe na mkavu wiki ya kwanza, lakini usiamini macho.

Huna kipima unyevu? Nenda hadiwea ununue kipande cha polithini ya ujenzi, ile inayouzwa kwa mita. (Mfuko wa dukani huupati siku hizi, ulipigwa marufuku 2017.) Kata mraba wa kama nusu mita kila upande. Ubandike ukutani karibu na sakafu kwa selotepu pana, uzibe kingo zote nne hewa isipite. Acha siku moja nzima. Ukirudi, angalia. Matone yakiwa ndani, kati ya nailoni na ukuta, au ukuta hapo ukiwa mweusi kuliko pembeni, basi maji bado yanatoka ukutani. Matone yakiwa nje, upande wa chumbani, ni hewa ya ndani iliyo na unyevu mwingi, na dawa yake ni madirisha. Pakiwa pakavu pande zote, rudia sehemu nyingine mbili au tatu, hasa kwenye kona na upande wa kaskazini au kusini ambako jua halipigi moja kwa moja.

Jaribio hilo haligharimu kitu, na mtu aliye mbali anaweza kuliona kwa picha ya simu.

Ili ukuta ukauke, fungua madirisha na milango inayotazamana mchana, upepo upite. Sogeza kabati na vitanda mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Plasta iliyolainika au inayolia kama tupu ukiigonga, ing'olewe, maana inazuia tofali kupumua. Usiku watu hufunga kwa sababu ya mbu, na wana haki. Garissa inakumbuka Homa ya Bonde la Ufa iliyofuata mvua kubwa za 1997 na zile za 2006. Basi weka wavu wa mbu kwenye dirisha badala ya kulifunga. Ni pesa kidogo na inafanya kazi mbili.

Kitu kimoja usikubali hata kidogo: kuwasha jiko la makaa chumbani ukifunga milango "ili ukuta ukauke." Makaa ya mathenge ni rahisi kupata huku, lakini moshi ule una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Na hewa ya moto isiyo na pa kutokea haikaushi ukuta, inabaki humo na unyevu wake.

Kuondoa kuvu yenyewe

Kama doa ni dogo, chini ya mita moja kwa mita moja, unaweza kufanya mwenyewe. Likizidi hapo, au likiwa kwenye dari, au kama nyumbani kuna mwenye pumu, tafuta mtu mwenye vifaa. Watoto na wagonjwa watoke siku hiyo. Anayefanya kazi avae glavu, miwani ya kuzuia uchafu, na barakoa ya N95. Leso iliyofungwa puani haizuii mbegu za kuvu.

Usikwangue kuvu ikiwa kavu. Ukikwangua kavu unaipeperusha nyumba nzima. Ilowanishe kidogo kwanza, kisha isugue kwa maji ya sabuni na brashi, ufute, ukaushe. Sabuni na nguvu ya mkono ndiyo inafanya kazi kubwa. Dawa ya klorini kama Jik inafaa kwenye sehemu ngumu zisizonywa maji, kama vigae, glasi na sakafu laini ya simiti, kwa kipimo cha kikombe kimoja katika lita nne za maji, madirisha yakiwa wazi. Kwenye plasta mbichi au mbao haiingii ndani, inaondoa rangi ya doa tu na mzizi unabaki. Ndiyo maana watu husema, "Niliweka Jik, ikapotea, ikarudi." Na usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi au kitu chenye amonia, gesi inayotoka inachoma mapafu.

Plaiwudi, kadibodi na dari iliyoota kuvu haisafishwi. Inatolewa, inafungwa kwenye nailoni ndani ya chumba chenyewe, ndipo inapitishwa nje.

Sasa rangi

Nailoni ikitoka kavu mara mbili, wiki mbili tofauti, ndipo tunazungumza habari ya rangi. Na hapa nina maoni yangu: kwa ukuta wa Bura wenye chumvi chini, chokaa ni bora kuliko rangi ya mafuta. Chokaa inaacha ukuta upumue, unyevu uliobaki unatoka polepole. Rangi ya mafuta inafunga maji ndani kama kifuniko cha sufuria. Najua chokaa inaonekana ya kizamani na wageni watasema. Lakini chokaa ikichafuka unapaka tena kwa bei ndogo, ilhali rangi ya mafuta ikivimba unalipa mtu wa kuikwangua kwanza.

Anayejenga upya akumbuke ile karatasi nyeusi ya kuzuia maji inayowekwa juu ya msingi kabla ya tofali la kwanza. Nyumba nyingi hazina, kwa sababu ni kitu kisichoonekana na fundi akikosa pesa ndicho anachoruka. Ukiwa wewe ndiye unayetuma pesa za ujenzi, omba picha yake kabla haijafunikwa.

Jinsi ya kulipa ili kazi ifuate mpango

Tuseme mmeelewana na fundi shilingi 20,000 za kazi, vifaa mbali. Huu ni mfano tu, si bei ya soko. Usitume 20,000 siku ya kwanza kwa sababu ameomba kwa upole. Tuma kiasi kidogo cha kuanza, tuseme 3,000, akishazunguka nyumba na kukuambia maji yanaingia wapi, na ameonyesha kwa picha. Tuma 5,000 vitu vilivyoharibika vikishatoka, plasta mbovu imeng'olewa, paa au gata imezibwa. Tuma 6,000 kuvu ikishaondolewa. Zile 6,000 za mwisho, za chokaa au rangi, zibaki kwako hadi picha ya nailoni kavu ifike. Hata kama ni wiki sita. Fundi aende afanye kazi nyingine, arudi, hakuna anayemzuia. Mwambie hivyo tangu mwanzo, mbele ya mtu mmoja wa nyumbani, na muandikiane kwa ujumbe wa simu. Mafundi wazuri hawakasiriki wakisikia hivi.

Pesa ya vifaa usiipitishe kwa fundi kama unaweza kuepuka. Hadiwea nyingi zina namba ya till. Piga simu dukani, uliza bei ya gata, misumari, polithini na chokaa, ulipe mwenyewe hata ukiwa Nairobi, na fundi akachukue mzigo tu. Unabaki na ujumbe wa muamala wenye jina la duka, kiasi na saa. Hiyo ndiyo risiti yako, usiifute. Mkikosana miezi mitatu baadaye, nani alilipwa nini na lini, ujumbe huo utasema kuliko mashahidi wawili.

Kabla ya kuweka PIN, soma jina linalotokea. Fundi ni Abdi lakini jina ni la mwanamke usiyemjua? Simama, mpigie kwa namba uliyomjua nayo. Pengine ni simu ya mkewe, pengine ni mtu aliyesikia unatafuta fundi. Ukishatuma kwa namba isiyo sahihi, omba kurudishiwa mara moja. Kwa watumiaji wa M-PESA unapeleka ujumbe ule wa muamala kwa 456. Kila dakika ni muhimu, kwa sababu aliyepokea akitoa pesa kwa wakala, mambo yanakuwa magumu. Lakini tuelewane: huduma hiyo ni ya pesa iliyopotea njia. Ukimtumia fundi mwenyewe pesa yote, kisha akapaka rangi juu ya ukuta wa maji, hilo si kosa la muamala na hakuna atakayeirudisha kwa kubonyeza simu. Kinga yako pekee ilikuwa kutotuma yote.

Jambo la mwisho la upande huu. Baada ya mafuriko, mashirika kama Msalaba Mwekundu wa Kenya hutuma msaada wa fedha kwa simu, na matapeli wanalijua hilo. Ujumbe ukisema umechaguliwa kupata pesa za ukarabati, tuma 300 ya usajili kwanza, huo ni wizi. Msaada haulipiwi. Na anayekuuliza PIN, hata akijiita mfanyakazi wetu, kata simu.

Nyumba ikishakauka

Unyevu wa kila siku hauletwi na mto. Nguo zilizoanikwa ndani, kupika bila dirisha, feni ya maji inayopoza chumba kilichofungwa, bomba la AC linalodondokea ukutani badala ya kutoka nje, tangi lililokaa karibu na msingi likimwagika kila likijazwa. Ile feni ya maji hasa inanishangaza: watu wanainunua Garissa kwa ajili ya joto, wanafunga madirisha yote, halafu wanauliza mbona mito ina harufu. Inafanya kazi kwa kurusha maji hewani. Dirisha moja lazima liwe wazi.

Mvua za vuli huanza Oktoba, masika Machi. Mwezi mmoja kabla ya kila msimu, mtu apande aangalie mabati na kuzibua gata, udongo uliopanda ukutani upunguzwe hadi chini ya usawa wa sakafu, na mfereji wa kupeleka maji mbali na nyumba usafishwe. Magunia na magodoro yawekwe juu ya mbao, si sakafuni. Kibarua cha siku moja kinatosha kwa haya yote, na malipo yake unayatuma jioni, kazi ikishaisha na picha zikishafika.